Ubaridi wa Nyumba na Maneno Yake: Historia Fupi na Funzo Kutoka Msanzi

Utangulizi

Makala haya yana lengo la kuchunguza historia ya maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kueleza jinsi nyumba inavyofanywa iwe na ubaridi wakati wa joto kali. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo likilinganishwa na istilahi za sheria, za tiba au za uhasibu. Lakini mfasiri wa ushauri wa afya, mwalimu wa sayansi na ofisa wa maendeleo ya jamii wote hulazimika kulieleza, na neno wanalolichagua laweza kumfaa mwananchi au kumdhuru.

Chanzo cha uchunguzi huu ni safari ya kukusanya maneno ya ujenzi iliyomfikisha mwandishi Msanzi, kata ya Wilaya ya Kalambo, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Huko alionyeshwa karatasi ya ushauri wa afya iliyofasiriwa kutoka lugha ya kigeni. Karatasi hiyo ilimtaka msomaji, wimbi la joto litakapopiga wakati wa kiangazi, afunge madirisha mchana na kuyafungua usiku. Mzee mmoja, fundi wa kuezeka, alisomewa maneno hayo na mjukuu wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, kiangazi mnachokisema ni kipi? Sisi hapa kiangazi kikiingia tunaota moto." Baada ya kitambo akaongeza: "Na hiyo nyumba ya kufungwa mchana ni ya nyasi au ya bati?"

Maswali hayo mawili ndiyo msingi wa makala haya. La kwanza lahusu majira, na la pili lahusu nyumba. Yote mawili yatuonyesha kwamba tafsiri yaweza kuwa sahihi kwa mujibu wa kamusi na bado ikampoteza msomaji.

Kiangazi ni wakati gani?

Neno kiangazi lina uhusiano na anga na kuangaza. Ni wakati ambapo mbingu ni nyeupe na mvua imeondoka. Huko pwani, ambako kamusi zetu za mwanzo zilikusanyiwa maneno, mwaka una mvua mbili: vuli na masika. Kiangazi cha pwani huangukia baina ya mvua hizo, yaani Januari na Februari, wakati wa pepo za kaskazi, nao ni wakati wa joto kali. Kwa hiyo mtu wa Unguja au wa Tanga akilisikia neno hili hufikiria ukavu na joto kwa pamoja. Baridi yake ameipa jina lingine: kipupwe, ambacho huja baada ya masika.

Ufipa hali ni nyingine. Mvua ya huko ni moja tu kwa mwaka: huanza Novemba na kwisha Aprili. Mwezi wa Januari, ambao mtu wa pwani huuita kiangazi, ni katikati ya mvua Msanzi. Kiswahili kilipopanda bara kilikwenda na neno kiangazi, nalo likapewa kazi ya kutaja miezi yote isiyo na mvua, kuanzia Mei hadi Oktoba. Maana ya ukavu ilibaki, ile ya joto ikaachwa njiani. Sumbawanga ipo kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai, katikati ya kiangazi hicho, ndiyo miezi ya baridi kali kuliko yote. Joto huja mwishoni, Septemba na Oktoba, nalo huendelea mpaka mvua za kwanza.

Sasa mfasiri aketipo mezani na kukuta habari za miezi ya joto ya Ulaya, yaani Juni hadi Agosti, huandika kiangazi bila kusita. Kwa msomaji wa pwani ameitaja miezi isiyo yenyewe, na kwa msomaji wa Ufipa ameutaja wakati wa baridi. Wapo waandishi wanaotumia majira ya joto, nao wamefanya vizuri zaidi, kwa sababu maneno hayo yataja joto lenyewe. Hata hivyo yafaa miezi itajwe. Tarakimu za kalenda hazina lahaja.

Tena si lazima mtu asafiri mbali ili aone tofauti hizi. Kutoka uwandani mtu akiteremka kuelekea Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, hufika mahali penye mita 773 tu juu ya usawa wa bahari. Akielekea upande wa pili na kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, hukuta Bonde la Rukwa, ambalo nalo lina joto. Mkoa ni mmoja, lakini watu wake hawavai nguo za namna moja katika siku moja. Waraka mmoja wa kuhadharisha juu ya joto, ukipelekwa kwa wote bila kutaja mahali wala mwezi, utakuwa wa kweli bondeni na wa kushangaza uwandani.

Nyumba kabla ya dirisha

Tukiyapanga maneno ya nyumba kwa asili yake, twapata historia ambayo haikuandikwa mahali pengine. Nyumba, mlango, ukuta, paa, udongo, kivuli na kuezeka ni maneno ya Kibantu. Dirisha na roshani yametoka Uajemi. Sakafu ni ya Kiarabu. Maana yake ni kwamba wajenzi wa bara walikuwa na nyumba kamili, yenye ukuta, paa na mlango, kabla ya kuwa na dirisha. Je, nyumba hiyo ilipataje hewa na ubaridi?

Kiswahili kimehifadhi majina ya aina tatu za nyumba za asili. Ya kwanza ni msonge, nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi lililochongoka. Hii ndiyo iliyokuwa nyumba ya kale ya sehemu nyingi za bara, Ufipa ikiwamo. Ya pili ni banda la mgongo wa tembo, lenye pembe nne na paa la pande mbili. Ya tatu ni tembe, nyumba ya Wagogo na Wanyamwezi, yenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo. Mgeni afikaye Kwihara, karibu na Tabora, aweza kuiona tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa kabla ya kuagana mwaka 1872. Ukuta wake mnene na udongo wa juu hulichelewesha joto la mchana hata jua linapotua.

Msonge na banda la nyasi hufanya kazi kwa njia nyingine. Nyasi zilizofungwa kwa unene hushika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa wepesi. Jua hupiga juu, lakini upande wa chini wa paa hubaki na ubaridi. Upenu ulioshuka hutia ukuta kivuli. Hewa yenye joto hupanda na kupenya katika nyasi, nayo hewa ya nje huingia mlangoni na kwenye nafasi iliyo baina ya ukuta na paa. Usiku wa Juni nyasi hizo hizo huzuia joto la moto lisitoroke. Fundi wetu wa Msanzi alilieleza jambo lote hili kwa neno moja: nyasi, alisema, zinakinga.

Asidhani mtu kwamba elimu ya mwendo wa hewa ilikuwa ngeni Ufipa. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Matanuri yao ya kuyeyushia chuma, ambayo huitwa malungu, yalijengwa kwa udongo hata kufikia kiasi cha mita tatu kwenda juu, na mabaki yake yangalipo. Tanuri hilo halikuhitaji mivukuto katika kuyeyusha. Chini yake palikuwa na matundu yenye mirija ya udongo. Moto ulipowaka hewa ya ndani ilipanda, na hewa mpya ikavutwa kupitia matundu hayo. Mivukuto ilitumika baadaye, kwenye tanuri dogo la kusafishia chuma. Kanuni iliyowasha lungu ndiyo hiyo hiyo iipozayo nyumba yenye tundu chini na tundu juu. Mwalimu wa sayansi wa Rukwa atafutaye mfano wa kupanda kwa hewa yenye joto hana haja ya kuagiza picha kutoka ng'ambo.

Huko pwani nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilikuwa na maarifa yake: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazikuweza kuvuka nafasi pana, ua wa ndani, na vichochoro ambamo nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Nje ya mlango pakajengwa baraza, mahali pa kukaa wakati jua limepungua. Watu walipoketi hapo walizungumza mambo yao na kuyaamua, na jina la kikalio likawa jina la mkutano. Hata Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limebeba jina la sehemu ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kivuli.

Bati, saruji na "nyumba bora"

Katika karne ya 20 nyumba za Ufipa zilibadilika. Msonge uliipisha nyumba ya pembe nne, ukuta wa kukandika ukaipisha nyumba ya matofali mabichi na ya kuchoma, na nyasi zikaanza kuondoka mbele ya bati. Sababu za watu kupenda bati ni za kweli, wala hazifai kudharauliwa. Bati haliungui upesi, halihitaji kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, halihifadhi wadudu, na maji ya mvua yaliyokingwa juu yake ni safi zaidi. Tena nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa adimu kila mashamba yalipopanuka.

Lakini pamoja na bati liliingia pia jina. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wa Benki ya Nyumba iliyoundwa mwaka 1972 na wa kuhamia vijijini, maneno nyumba bora yalisikika kila mahali. Kwa asili ni maneno mapana: nyumba bora ni nyumba iliyo nzuri kuliko nyingine kwa afya na maisha ya wakaaji wake. Katika matumizi ya ofisini na mitaani maana hiyo ilipungua pole pole, hata nyumba bora ikawa ni nyumba ya bati na saruji. Nyumba ya nyasi ikaitwa duni hata kama ukuta wake ulikuwa imara na ndani mna hewa safi.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, aliwakemea wananchi na viongozi kwa kuwa watumwa wa saruji na bati, akaonyesha kwamba matofali na vigae vya kuchoma vingeweza kupatikana kwa udongo wetu wenyewe. Aligusa pia suala la jina. Saruji ilikuwa ikiitwa udongo wa Ulaya, na kwa jina hilo ilipewa heshima ambayo udongo wa hapa ulinyimwa. Mwana istilahi hawezi kulipita jambo hilo kimya. Jina likishatangulia kusifu, wachache hurudi kukipima kitu chenyewe.

Tukikipima, twaona hivi. Bati ni jembamba na ni la chuma. Hupokea joto la jua na kulishusha ndani mara moja. Nyumba ya bati isiyo na dari, wakati wa mchana wa Oktoba, yaweza kuwa na joto kuliko kivulini nje. Hapa ndipo swali la pili la mzee wa Msanzi linapopata uzito. Ushauri wa kufunga madirisha mchana uliandikwa kwa ajili ya nyumba zenye kuta nene na paa linalokinga, ambamo ubaridi wa usiku waweza kutunzwa mpaka alasiri. Ndani ya nyumba ya nyasi au ya tembe ushauri huo ni mzuri. Chini ya bati tupu ni hatari: mwenye nyumba atakuwa amejifungia katika joko, pengine pamoja na mtoto mchanga au mgonjwa. Mfasiri hakukosea neno hata moja, lakini alifasiri sentensi na kuisahau nyumba.

Pangaboi, feni na kiyoyozi

Wakati maneno ya ujenzi yalipokuwa yakipungua maana, maneno ya vyombo yaliongezeka. Chombo cha kwanza ni cha mkono, pepeo au kipepeo cha ukindu, kilichotokana na kitenzi pepea. Kisha likaja pangaboi. Neno hili lina historia ya kusikitisha kidogo. Nusu yake ya kwanza ni neno la Kihindi pankha, yaani pepeo, na nusu ya pili ni boi, mtumishi. Katika India ya wakati wa ukoloni kitambaa kikubwa kilining'inizwa darini, naye mtumishi alikivuta kwa kamba kutwa nzima ili bwana wake apate upepo. Umeme ulipochukua kazi hiyo, kuanzia miaka ya 1880, mtumishi aliondoka, lakini katika Kiswahili jina lake lilibaki juu ya mashine. Siku hizi wengi husema feni tu.

Kiyoyozi ni mgeni wa baadaye. Mtambo wenyewe ulibuniwa na Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji mjini New York, ambako unyevu wa hewa uliharibu karatasi. Starehe ya binadamu ilifuata baadaye. Kiswahili kililipatia jambo hili neno lenye umbo zuri, fupi na lenye kiambishi cha kitu, nalo limekubalika.

Haya yote ni mafanikio. Hata hivyo tukitazama orodha nzima twaona upungufu. Tumevipa majina sanifu vitu vinavyonunuliwa na kuunganishwa na umeme, na hatujavipa majina sanifu vitendo vya kuipoza nyumba isiyo na umeme, ambavyo ndivyo wananchi wengi wavihitajivyo. Mfasiri akitaka kueleza kazi ya unene wa ukuta, au ya tundu la juu la kutolea hewa ya moto, au ya tabaka linalowekwa chini ya bati, hulazimika kuunda maneno yake peke yake, na jirani yake huunda mengine.

Mapendekezo

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unajulikana: kwanza hutazamwa Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo lugha za mbali zifuatie. Ndivyo tulivyopata ikulu na bunge kutoka lugha za bara, na ngeli kutoka Kihaya. Kwa kufuata utaratibu huo napendekeza mambo manne.

Kwanza, mfasiri asiandike kiangazi pale anapokusudia miezi ya joto ya nchi za kaskazini. Na aandike majira ya joto, kisha ataje miezi. Anapoandika kwa ajili ya wananchi wa hapa, ataje mahali pia: uwandani, bondeni, ziwani au pwani.

Pili, wimbi la joto. Maneno haya yamekwisha kuenea katika magazeti na redio, na si rahisi kuyaondoa. Lakini yana kasoro. Mtu wa Kasanga ajua wimbi ni nini: hupiga, huvunjika na kurudi. Joto tunalolisema halirudi. Hukaa siku kadhaa, mchana na usiku, na madhara yake makubwa yatokana na kuunyima mwili mapumziko ya usiku. Mwaka 2003 joto la namna hiyo liliwaua Ulaya watu wanaokadiriwa kuzidi 70,000, wengi wao wazee waliokuwa ndani ya nyumba zao. Karibu nasi, Machi 2024, Sudani Kusini ilifunga shule zake kwa kuhofia joto la kufikia nyuzi 45. Nadhani joto la mfululizo lingeieleza hatari hiyo kwa uwazi zaidi, kwa kuwa latia mkazo katika kutokatika kwake. Anayeona kwamba wimbi limekwisha kushika mizizi na alitumie, ila aongeze maelezo ya siku na usiku.

Tatu, kitenzi kinga kipewe kazi rasmi katika maandishi ya ujenzi kwa wananchi. Vitabu vya sayansi vinatumia hami na kihami, navyo viendelee. Lakini paa linalokinga joto na dari la kukinga joto ni maneno ambayo fundi wa Msanzi atayaelewa mara moja, kwa kuwa ni yake.

Nne, maneno nyumba bora yarudishiwe upana wake. Ofisa anayejaza fomu au kuandika taarifa aseme nyumba ya bati anapokusudia bati, na nyumba ya matofali anapokusudia matofali. Ubora uthibitishwe kwa afya ya wakaaji: hewa, ukavu, mwanga, usalama, na joto lisilozidi kiasi. Nyumba ya bati yaweza kuwa bora sana ikiwekewa dari, matundu ya hewa chini ya kenchi, upenu mpana na mti wa kivuli upande wa magharibi. Bila hivyo, si bora kwa sababu tu inang'aa.

Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya maneno ya ubaridi ilikwenda njia mbili. Maneno ya vyombo yalisanifiwa na kukua. Maneno ya nyumba yenyewe yaliachwa vijijini au yakapunguziwa maana. Joto likizidi kuongezeka, kama linavyoongezeka duniani, mwananchi atahitaji ushauri anaoweza kuutekeleza jioni ile ile kwa mikono yake, katika nyumba aliyo nayo. Ushauri huo hauwezi kutoka katika kamusi peke yake.

Mwandishi aliporudi kwa yule mzee kumuaga, alimweleza kwamba karatasi ile ingesahihishwa. Mzee akauliza ingeandikwaje. Tukakaa upenuni, yeye akisema na mjukuu akiandika: miezi gani, nyumba ya namna gani, mlango upi ufunguliwe na saa ngapi. Ilitoka nusu ukurasa, na haikuwa na neno lolote lililohitaji kufafanuliwa. Wasomaji wa jarida hili walioko wilayani wanaombwa wafanye vivyo hivyo: wakusanye maneno ya mafundi wa kuezeka na wa kuaka wa sehemu zao, pamoja na maana zake na miezi ya joto ya mahali hapo, na kuyaleta Barazani.